Dhahabu, Buluu au Chungwa: Uchague Rangi Gani ya Bakteria kama Shabaha ya Dawa?

Weka sahani tatu za agari mezani. Ya kwanza ina koloni za dhahabu za Staphylococcus aureus, yule wa majipu na vidonda vya upasuaji. Ya pili imegeuka buluu-kijani, agari yenyewe na si koloni tu. Huyo ni Pseudomonas aeruginosa, mpenzi wa majeraha ya moto, mipira ya mkojo na mapafu yaliyochoka. Ya tatu ina madoa ya rangi ya chungwa: Streptococcus agalactiae, anayejulikana zaidi kama strepi kundi B, tishio la wodi za watoto wachanga.

Anayetafuta mada ya tasnifu, hasa katika maabara inayochunguza mitishamba au kuzipa dawa za zamani kazi mpya, hukwama mbele ya sahani hizi. Zote zinavutia kwa sababu ileile: rangi inaonekana kwa macho, na katika bakteria hawa watatu rangi imo ndani ya ugonjwa, si pambo. Ukiifuta bila kumuua bakteria, umempokonya silaha bila kumsukuma sana kujenga usugu. Hoja hiyo ina ukweli, ila inafunika tofauti ambayo ndiyo inayopaswa kuamua uchaguzi wako. Rangi ya dhahabu humlinda bakteria dhidi ya mwili wa mgonjwa. Ile ya buluu ni sumu inayotoka nje na kwenda kuharibu mbali. Ya chungwa hutoboa seli inazozigusa. Dawa ya kuvunja ngao haipimwi kama dawa ya kuzuia sumu.

Vigezo vya kulinganisha

Kila rangi hapa chini inaulizwa maswali manne. Upo ushahidi gani kwamba rangi ndiyo inayodhuru, na si kitu kingine kinachoandamana nayo? Mlango wa dawa uko wapi, yaani kimeng'enya gani kizuiwe, na je, binadamu ana kinachofanana nacho? Kipimo kinafanywaje katika maabara ya kawaida? Na mitego ni ipi? Baada ya hapo ndipo unaweza kusema inamfaa nani.

Mtego mmoja ni wa wote watatu, kwa hiyo usemwe mara moja. Bakteria aliyedumaa hutoa rangi kidogo. Kampaundi yoyote inayomchelewesha kuota itaonekana kama kizuia rangi, na matokeo mengi ya kushangilia huishia hapo. Tafuta kwanza MIC, yaani kiwango cha chini kabisa kinachozuia bakteria kuota, kisha fanya kazi kwenye robo yake au sehemu ya nane. Thibitisha kuota kwa kuhesabu koloni hai. Ukungu wa mchuzi peke yake hautoshi, kwa kuwa dondoo la mmea nalo hutia ukungu. Kama umeyeyusha kwa DMSO, kiyeyushi cha kawaida cha maabara, weka chupa ya pembeni yenye DMSO tupu kwa kiasi kilekile, na kisizidi asilimia 1.

Dhahabu: stafiloksanthini ya Staphylococcus aureus

Ushahidi hapa ndio imara kuliko wote. Rangi hii ni karotenoidi inayokaa ndani ya utando wa bakteria na kuzima oksijeni kali ambazo neutrofili, seli nyeupe za damu zinazopambana na vijidudu, humwagia kijidudu baada ya kukimeza. Mwaka 2005 ilionyeshwa kwamba bakteria aliyekatwa jeni ya crtM, asiye na rangi, huuawa kwa urahisi zaidi na neutrofili na hudhuru panya kidogo. Watafiti wakageuza swali: wakampa Streptococcus pyogenes, ambaye kwa kawaida hana rangi hiyo, jeni za kuitengeneza, naye akawa wa manjano na mgumu zaidi kuuawa. Kisha kikaja kipimo kinachofunga hoja. Katika damu ya mgonjwa ambaye neutrofili zake, kwa kasoro ya kuzaliwa, haziwezi kutengeneza oksijeni kali, wenye rangi na wasio na rangi waliishi sawasawa. Ngao haina kazi pasipo mishale.

Hilo la mwisho lina maana kubwa kuliko linavyochukuliwa. Dawa ya kufuta dhahabu humtegemea mgonjwa amalizie kazi mwenyewe. Mgonjwa wa saratani ambaye neutrofili zake zimeporomoka hatapata faida kubwa kutokana nayo.

Mlango wa dawa uko wazi, tena ni miwili. Kimeng'enya CrtM huunganisha molekuli mbili za fanesili difosfeti kutengeneza dehidroskwaleni, ambayo haina rangi. CrtN huigeuza kuwa karotenoidi ya manjano. CrtP, CrtQ na CrtO humalizia kuipeleka kwenye dhahabu. CrtM inafanana kwa umbo na kimeng'enya cha binadamu kinachotengeneza skwaleni, njia ya kolesteroli. Kufanana huko ndiko kulikowawezesha watafiti mwaka 2008 kuchukua kampaundi zilizobuniwa kuzuia kolesteroli na kuzijaribu kwa bakteria. Moja yao, BPH-652, ilimfanya awe mweupe na kuwasaidia panya kumsafisha mwilini. Lakini kufanana huko pia ni hatari, maana mshale mmoja unaweza kupiga pande zote mbili. CrtN haina mwenzake kwa binadamu, na mwaka 2016 ilionyeshwa kwamba naftifini, dawa ya kupaka ya fangasi wa ngozi, huizuia.

Kipimo ni cha bei nafuu. Otesha kwenye mchuzi wa soya na triptoni kwa saa 24 hadi 48 kwa nyuzi 37, ukitikisa, kwani rangi huja bakteria wakishashiba na kuacha kuongezeka. Sawazisha idadi ya seli kwenye sampuli zote, zungusha kwenye sentrifuji, osha mara mbili kwa maji yenye chumvi ya fosfeti, kisha weka methanoli na upashe kwa nyuzi 55 hadi mashapo yabaki meupe. Zungusha tena, soma maji ya juu kwenye nanomita 450 hadi 465. Mashapo yakibaki ya manjano hujamaliza. Rudia methanoli na ujumlishe.

Usiishie kwenye rangi. Pima kama ngao kweli imevunjika: weka seli zilizooshwa kwenye haidrojeni peroksidi ya takriban asilimia 1.5 kwa muda wa hadi saa moja, zima kwa katalesi, kisha hesabu waliobaki hai. Hapa kuosha si usafi tu. Dondoo lenye vioksidishaji-pinzani, na mengi ya mimea yanavyo, hula peroksidi lenyewe, kisha bakteria wanaonekana wamepona wakati dawa yako imewavua ngao. Aliyekatwa crtM awepo katika kila jaribio: kampaundi inayofanya kazi kupitia rangi haina cha kumwongezea huyo. Kama nayo inamfanya afe zaidi, inapiga mahali pengine.

Mitego mingine. Aina za maabara zinazotokana na NCTC 8325 zina pengo la herufi 11 katika jeni ya rsbU, hivyo swichi kuu ya SigB haiwaki vizuri na rangi ni hafifu; ukianza nazo utadhani dawa imefanya kazi kabla hujaiweka. Tumia Newman au SH1000, ambayo ni aina ileile iliyorekebishwa jeni hiyo. Klorofili na karotenoidi za majani hufyonza mwanga katika eneo hilihili la nanomita 450, na hung'ang'ania mashapo. Na zingatia kivuli cha rangi: koloni zikiwa za manjano badala ya nyeupe, huenda umezuia hatua iliyo baada ya CrtN, na hapo karotenoidi bado ipo kwenye utando.

Tena rangi si kila kitu. Staphylococcus argenteus, ndugu wa karibu aliyetambuliwa rasmi kama spishi mwaka 2015, hana jeni za crt kabisa, ni mweupe, na bado huwalaza watu hospitalini.

Inamfaa anayetaka shabaha iliyo safi, mwenye vifaa vya kawaida, na anayejali usugu wa dawa kwa ngozi na vidonda. Anayetaka kumtibu mgonjwa asiye na kinga afikirie upya.

Buluu: piosianini ya Pseudomonas aeruginosa

Rangi hii ilitolewa kwenye usaha wa bandeji miaka ya 1860, kabla hata ya mwenye kuitengeneza kujulikana. Carle Gessard alimtenga bakteria mwenyewe mwaka 1882 kutoka kwenye bandeji za buluu-kijani. Ni fenazini ndogo yenye uzito wa molekuli 210 tu, inayopenya tando bila kubisha hodi. Ikiwa ndani ya seli ya mgonjwa huchukua elektroni kutoka NADPH, mbebaji wa elektroni wa seli, na kuipa oksijeni, ikarudi kuchukua nyingine, mzunguko usiokoma. Matokeo yake ni peroksidi nyingi na akiba ya glutathioni, kinga ya seli dhidi ya oksijeni kali, kukauka. Vinyweleo vya njia ya hewa hupunguza kupepea, na neutrofili hufa kabla ya wakati. Aliyekatwa jeni ya phzM au phzS, za kutengeneza rangi hii, hudhuru mapafu ya panya kidogo kuliko mwenzake. Ushahidi ni mzuri, ila haujatengwa kama wa dhahabu, kwa sababu bakteria huyu ana silaha nyingine tele zinazowashwa na swichi zilezile.

Swichi hizo ndizo zinazofanya mlango wa dawa uwe mgumu kuuelezea. Piosianini huanzia kwenye korismeti, hupitia operoni mbili za phz (makundi ya jeni zinazowashwa pamoja) hadi asidi ya fenazini-1-kaboksiliki, kisha PhzM na PhzS humalizia. Juu ya hizo kuna mifumo ya bakteria kuhesabiana, yaani kujua kwa ishara za kemikali wako wangapi: las, rhl na pqs. Kampaundi nyingi zinazopunguza buluu hazigusi kimeng'enya cha rangi; huvuruga kuhesabiana. Hiyo si kasoro, pengine ni faida, kwani ukiigusa PqsR, kipokezi cha ishara za pqs, umepunguza silaha kadhaa kwa mpigo. Ila usiandike kwamba umepata kizuia PhzM. Na ukiizuia PhzM kweli, asidi iliyo kabla yake inajilimbikiza, nayo pia hucheza na elektroni. Kuziba juu kuna maana zaidi kuliko kuziba mwisho. Njia ya tatu ni kuiharibu rangi ikishatoka: mwaka 2017 kilielezwa kimeng'enya PodA, kutoka Mycobacterium fortuitum, kinachoiondolea piosianini kikundi chake cha methili.

Kuna mfano hai wa kliniki. Azithromisini haimuui Pseudomonas kwa viwango vya kawaida, lakini hupunguza kuhesabiana kwake, na hutolewa kwa muda mrefu kwa wagonjwa wa sistiki fibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaojaza mapafu ute mzito. Anayedai dawa za kupokonya silaha ni ndoto tu ana la kujibu hapo.

Kwa kipimo, tumia mchuzi wa King A: peptoni gramu 20, gliseroli mililita 10, magnesi kloridi gramu 1.4 na potasi salfeti gramu 10 kwa lita. Chupa ijae sehemu ya tano tu, itikiswe vizuri kwa saa 24, nyuzi 37. Huyu anahitaji hewa. Zungusha, chukua mililita 5 za maji ya juu, tikisa na mililita 3 za kloroformu. Tabaka la chini litageuka buluu. Litoe, litikise na mililita 1 ya asidi hidrokloriki ya 0.2 M, buluu huhamia juu na kuwa nyekundu-waridi. Soma nanomita 520 na uzidishe kwa 17.072 kupata mikrogramu kwa mililita. Kizidishi hicho kiliandikwa pamoja na ujazo huo, kwa hiyo ukibadilisha ujazo usikinakili kama kilivyo.

Vitu vidogo huharibu siku nzima. Mirija ya polistairini huyeyuka kwa kloroformu. Tumia kioo au polipropilini, ndani ya kabati la mvuke. Chupa iliyokaa mezani bila kutikiswa hupauka kwa sababu piosianini iliyopokea elektroni haina rangi. Itikise na buluu inarudi. Wengi wameandika matokeo ya kizuia rangi kutokana na chupa iliyokaa tu. Alkaloidi za mimea nazo hufuata njia hii hii, kutoka kloroformu kwenda kwenye asidi, kwa hiyo pitisha mchuzi usio na bakteria wenye dondoo lako kwenye hatua zote na utoe usomaji wake. Kuhakikisha kwamba wekundu ule ni piosianini, ondoa asidi: ukirudi kuwa buluu, ni yenyewe. Na usiichanganye na pioverdini, ile ya kijani-manjano inayong'aa chini ya taa ya urujuanimno. Hiyo humnasia bakteria chuma, ina shabaha zake.

Mtego mkubwa zaidi uko kwenye ukuta wa bakteria. Utando wa nje na pampu zake hutupa nje kampaundi nyingi, hivyo kinachozuia kimeng'enya vizuri kwenye mrija kinaweza kisifanye lolote kwa bakteria mzima. Anza na aina za maabara PAO1 au PA14, kisha ujaribu vielelezo vya wagonjwa. Baadhi hawatoi buluu kabisa, wengine hutoa nyingi kupita aina za maabara.

Inamfaa anayevutiwa na mawasiliano ya bakteria, majeraha sugu na mapafu, na mwenye uvumilivu wa kutenganisha sababu na dalili.

Chungwa: granadaeni ya strepi kundi B

Hii imeelezwa kwa uchache katika maabara nyingi, na hapo ndipo nafasi ilipo. Ni mnyororo wenye vifungo maradufu 12 vinavyopishana, ukiwa na ramnosi upande mmoja na ornithini upande wa pili. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba bakteria huyu ana protini ya kupasua chembe nyekundu na rangi ni jambo jingine linaloambatana nayo. Mwaka 2013 ilionyeshwa kwamba rangi yenyewe ndiyo inayopasua. Aliyekatwa jeni ya cylE ni mweupe na hapasui. Aliyepoteza CovR, protini iliyo breki ya jeni hizo, ni wa chungwa kali na hupasua zaidi. Rangi na madhara haviachani, na hilo ni jambo ambalo wale wawili wengine hawawezi kulidai kwa ukamilifu.

Mlango wa dawa, kwa upande mwingine, ni finyu. Operoni ya cyl ina jeni takriban 12, na vimeng'enya vyake havijachunguzwa kwa umbo na kemia kama CrtM ilivyochunguzwa. Kuna njia ya pembeni: kuizuia rangi isifike kwenye utando wa seli. DPPC, fosfolipidi kuu inayolainisha mapafu, huzuia kupasua huku kwa seli, na mtoto njiti huzaliwa akiwa nayo kidogo. Hilo pekee linatosha kuwa swali la utafiti.

Kipimo ni cha kupasua damu. Osha chembe nyekundu mara tatu, tengeneza asilimia 1, changanya na bakteria au rangi, weka saa moja nyuzi 37, zungusha, soma himoglobini iliyomwagika kwenye nanomita 540. Kuona rangi, tumia agari ya Granada bila hewa. Rangi hutolewa kwa DMSO yenye asidi ya trifluoroasetiki asilimia 0.1, ukiiweka kwenye maji matupu hujikunja na kupoteza makali, kwa hiyo iandamane na wanga au albumini.

Kwa mwenye dondoo za mimea, hapa ndipo penye mashimo mengi. Saponini hupasua chembe nyekundu zenyewe. Tanini hugandisha himoglobini ikazama, na usomaji unasema hakuna kilichopasuka. Kila dondoo lipimwe kwanza na chembe nyekundu peke yake, kisha na chembe zilizokwisha kupasuliwa kwa maji.

Kumbuka pia kwamba penisilini bado inamuua bakteria huyu kwa sehemu kubwa. Sababu ya kutafuta dawa si usugu, ni madhara kwa kichanga na mfuko wa uzazi. Inamfaa anayefanya afya ya mama na mtoto, au mwanakemia anayetaka kuwa wa kwanza kuelewa kimeng'enya.

Na zile nyingine?

Violasini ya zambarau ya Chromobacterium violaceum ni kifaa kizuri cha kupima kuhesabiana, hasa aina CV026 inayotoa rangi pale tu inapopewa ishara kutoka nje. Lakini maambukizi yake kwa binadamu ni nadra, na kufuta zambarau hakusemi lolote kuhusu mgonjwa. Prodijiosini nyekundu ya Serratia marcescens ina tatizo la kuchekesha: aina nyingi zinazowapata wagonjwa hospitalini hazina rangi.

Kwa hali yako

Una miezi sita, spektrofotomita moja na sentrifuji? Dhahabu, ukiwa na aliyekatwa crtM mkononi kabla ya kuanza. Ukimkosa, punguza dai lako liwe la kupunguza rangi, si la kupunguza ukali.

Una dondoo nyingi za majani mabichi yenye kijani kikali? Buluu ina nafuu, kwani klorofili hubaki kwenye kloroformu asidi inapochukua piosianini. Una mizizi na magome yenye alkaloidi? Geuza, nenda kwenye dhahabu.

Dondoo zako zinatoa povu ukizitikisa na maji? Hizo zina saponini. Acha chungwa mpaka uzitenganishe.

Unafanya uigaji wa kompyuta wa kampaundi kwenye kimeng'enya? CrtM ina umbo linalojulikana na vizuizi vya kulinganisha navyo. Kila inayofaulu ilinganishwe pia na kimeng'enya cha binadamu cha skwaleni. Kwa buluu, PqsR ina nafasi nzuri, mradi ujaribu haraka kwa bakteria mzima kabla ya kutumia mwaka mzima kwenye skrini.

Maabara yako haina kabati la mvuke linalofanya kazi? Buluu iondoe kwenye orodha, kloroformu haina mzaha. Huna chanzo cha damu mbichi ya kondoo au ya wachangiaji kila wiki? Chungwa nayo itakukwamisha, kwa kuwa chembe za zamani hupasuka zenyewe na kidhibiti chako kitakuwa chekundu kabla hujaweka bakteria.